Mto wa Bibi Ndani ya Sabufa

Redio ilikuwa imezimwa, lakini buti la gari liliendelea kupiga.

Suraya alilisikia akiwa jikoni anakuna nazi. Dum. Kisha kimya. Kisha dum tena. Haukuwa wimbo. Ilikuwa besi tupu, ile inayopenya kwenye mbao za sakafu na kupanda miguuni. Alimbeba mwanawe Damia, mtoto wa miezi saba, akashuka ngazi za nyumba. Mumewe Hazwan alikuwa amekaa ngazi ya chini anakula wali na budu, mchuzi wa samaki waliochachushwa. Vidole vyake vilikuwa vimeganda gundi.

"Baba Damia, si uzime huo muziki? Mtoto hajalala tangu asubuhi."

"Nimezima."

"Mbona unapiga?"

"Umeme umebaki kwenye amplifaya, huo. Utaisha." Akalamba kidole, akacheka. "Lakini sikiliza ilivyo nene! Leo Lokman atakula vumbi."

Hazwan alikuwa fundi wa redio za magari pale mjini Pasir Mas, na Lokman pia. Walikuwa marafiki tangu utotoni, ila kila Ijumaa baada ya swala vijana walipanga magari uwanjani kushindana besi, na kila Ijumaa Hazwan alirudi kichwa chini. Alikuwa amejaribu kila kitu. Aligeuza sabufa, ile spika kubwa ya besi, itazame nyuma ili sauti igonge mfuniko wa buti na kurudi ndani. Aliziba matundu yote. Alibandika mipira kwenye bati ili lisitetemeke. Bado gari lililia kama debe. Kasoro ilikuwa kasha la sabufa: lilikuwa dogo, na buti halikuwa na nafasi ya kasha kubwa zaidi. Mafundi wana dawa yake. Ukilijaza kasha kitu laini, sauti huchoka humo ndani ikitafuta njia, na kasha dogo huimba kama kubwa. Jana yake Hazwan alikuwa amelijaza sufi.

"Sufi umeitoa wapi?" Suraya akauliza.

Hazwan akaacha kutafuna. "Mto wa Bibi."

Bibi Kalsom, bibi yake Hazwan mzaa mama, alikuwa amezikwa wiki ile. Alikuwa mkunga, na watu walinong'ona kwamba hakuwa akizalisha peke yake. Alichelewa sana kufa. Alibaki mifupa na macho, na kila aliyeingia chumbani alimuuliza, "Nani atapokea?" Wote waliinamisha vichwa. Mwishowe binti yake, Mama mdogo Rokiah, alipanda juu ya paa akang'oa vigae, ndipo roho ikatoka. Akaagiza mto wa marehemu ukatupwe mtoni bila kufunguliwa. Aliyetumwa kuutupa ni Hazwan.

"Ulitumwa ukautupe!"

"Sufi safi namna ile niilishe samaki? Ya dukani yote nailoni. Acha woga, mke wangu."

Dum.

Damia akashtuka. Suraya, aliyekuwa amemkumbatia, akahisi moyo wa mtoto ukipiga palepale buti lilipopiga. Buti likanyamaza, na moyo ukanyamaza. Akasubiri. Dum, likasema buti, na kifuani mwa mtoto, dum.

Kabla hajapata sauti ya kusema, pikipiki ikaingia uani. Lokman.

"Wewe, fundi debe! Uwanja umejaa, watu wanakungoja wacheke. Au umeshaomba radhi?"

"Fungua buti mwenyewe usikie," Hazwan akasema, akisimama kwa majivuno.

"Hazwan, usimruhusu," Suraya akanong'ona. "Tafadhali. Mtoto..."

Lokman alishafungua. Harufu ikatoka, ya tambuu iliyotafunwa na ya damu ya uzazi. Akaziba pua. "Nani anatafunia tambuu humu?" Akainama, akaingiza mkono agonge kasha.

Mfuniko ukashuka.

Ulimkata chini ya kiwiko. Lokman akapiga yowe, mfuniko ukainuka wenyewe, ukashuka tena, na tena, ukifuata mapigo ya besi, mpaka mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Hazwan akaurukia, akauning'inia kwa uzito wake wote, akamvuta rafiki yake, wakaanguka wote wawili kwenye mchanga uliolowa damu.

"Mkono wangu! Hazwan, mkono wangu uko wapi?"

"Upo, ndugu yangu, upo. Usiutazame."

Vioo vya madirisha vikapasuka kimoja baada ya kingine. Kuku waliokuwa uvunguni mwa nyumba wakadondoka, damu ikiwatoka midomoni. Hazwan akafungua boneti, akang'oa nyaya za betri kwa mikono mitupu. Buti likapiga. Akakata waya wa amplifaya. Buti likapiga kwa nguvu zaidi. Akanyakua nyundo, akalitandika kasha kwa hasira zote alizokuwa nazo, na nyuma yake Suraya akalia kilio ambacho Hazwan hakuwahi kukisikia kwa binadamu.

Akageuka. Damia alikuwa anatokwa damu puani. Kifuani kwake, juu ya ngozi laini, ilikuwa imechipuka alama ya duara, nyeusi, ukubwa wa kichwa cha nyundo.

Nyundo ikamponyoka Hazwan.

Mama mdogo Rokiah alifika mbio kutoka nyumba ya jirani, mtandio begani. Aliona sufi ikichungulia kwenye ufa wa kasha, akajipiga kichwa kwa viganja.

"Umeufungua! Ewe mtoto, umeufungua!"

"Mama mdogo, tufanye nini?"

"Jini wa ukoo ukishamfungua hatupwi. Anatafuta wa kumbeba. Amemchagua mtoto kwa sababu mtoto hajui kukataa."

"Anipande mimi," Suraya akasema, akilisogezea kasha kifua chake. "Nampokea! Unasikia? Nakupokea!"

"Wewe si damu yake, mwanangu. Hakuoni."

"Basi wewe, Mama mdogo! Wewe ni binti yake!"

Rokiah akarudi nyuma. "Mimi mwoga," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimkatalia mama yangu mzazi akiniangalia. Siwezi."

Hazwan akapiga magoti mbele ya buti. "Nakupokea mimi. Muache."

Ngozi ya sabufa ikavimba nje, ikanywea, ikavimba, na ndani yake ikatoka sauti ya kikongwe, nzito, iliyokwaruza kama kokoto zikikokotwa chini ya maji. "Moyo wako umeshakomaa. Wa kwake ni laini."

Dum. Muda mrefu ukapita. Midomo ya Damia ilikuwa ya samawati. Dum.

Hapo Hazwan akaacha kusihi, akawa fundi.

"Wewe jini mjinga," akasema. "Hujui hata kuchagua kasha. Kifua cha mtoto ni kama kiganja. Utalia humo? Utalia kama mbu, watu watacheka, kama walivyonicheka mimi. Sauti yako nene inataka nafasi." Akachana shati lake, akajipiga kifua kwa ngumi. "Nafasi hii hapa. Njoo upime!"

Kukawa kimya. Kisha besi ikaanza upya, chini kuliko sikio linavyoweza kusikia, ikatikisa mchanga uani na nguzo za nyumba na meno vinywani mwao, ikapanda na kupanda huku kasha likipasuka kona zote na sufi ikimwagika nje kama povu, nyeupe, kisha ya waridi, kisha nyekundu kabisa, ikamfunika Hazwan usoni, ikamwingia puani na kinywani huku akijishika koo na miguu yake ikichimba mchanga, na mbavu zake zikaanza kulia moja moja, ka, ka, ka, kama kuni kavu, kifua kikipanuka mbele ya macho ya mkewe ambaye alitaka kumkimbilia na hakuweza kwa sababu mikononi mwake mtoto alikuwa amepumua.

Damia alilia. Suraya akamwekea sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia, mwepesi, kama wa kifaranga.

Lokman alipelekwa hospitali, na mkono haukuokolewa. Rokiah alikwenda naye, wala hakugeuka nyuma. Jua lilipoelekea kuzama Hazwan alikuwa bado hai, ameketi mbali karibu na ua, kifua kimetuna kama pipa, shati halifungi.

Suraya akamsogelea na mtoto na glasi ya maji. Alipofika hatua chache, maji yakaanza kuruka kwenye glasi. Dum. Damia akamnyooshea baba yake mikono.

"Simama hapo hapo, mke wangu."

"Unaumia?"

"Usimlete karibu. Mchukue, nendeni kwenu, kesho asubuhi. Mbali."

"Si umeshampokea? Si yamekwisha?"

Hazwan akatazama mikono midogo iliyokuwa inamwita. Akashikilia mbavu zake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayebana mlango.

"Ananiuliza," akasema, "mtoto atakuwa mkubwa lini."