Mkono Uliotundikiwa Kofia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ni kufuta mawe ya mizani. Baba ni mpima mizani kwenye ghala la nafaka, na mawe yake madogo, ya gramu hamsini, mia moja na mia mbili, hulala nyumbani ndani ya kisanduku cha mbao. Nayafuta mojamoja kwa kitambaa mpaka yang'ae. Baba husema vumbi nalo lina uzito, na si haki mkulima alipie vumbi letu.

Kabla ya kupima gunia lolote, baba huchota punje chache na kuzitafuna. Punje ikivunjika kwa mlio, ni kavu, anapima. Ikibonyea, anamwambia mwenye mzigo arudi nao juani. Wengine hununa, lakini baba hajali. Nadhani nimerithi kwake.

Shuleni naitwa Bi Hapana. Nilipewa jina hilo darasa la tatu, kwa sababu neno hilo hunitoka kabla sijafikiri. Wanaonitania wanadhani nitaona haya. Nione haya ya nini? Mtu akisema jambo lisilo kweli, mimi nikae kimya kama gogo?

Mwaka huu klabu yetu ya sayansi ilikuwa hatarini. Tulikuwa na chumba kidogo mwisho wa jengo, chenye meza moja ndefu, kompyuta moja kuukuu na makopo manane ya miche ya nyanya. Mwalimu mkuu alikitaka chumba hicho kiwe stoo ya viti vibovu, ambavyo vilikuwa vimerundikana barazani vikinyeshewa. Alituita ofisini akatuambia wazi: "Siku ya wazazi nataka kuona kitu kinachofanya kazi. Nisipokiona, naleta viti vyangu."

Basi tukaamua kununua mkono wa roboti, ule mdogo wa kuwekwa mezani. Jua huingia chumbani kwetu kwa dirisha moja tu, kwa hiyo mkono ungehamisha makopo ya miche kutoka kivulini hadi dirishani, kisha uyarudishe. Fedha tulikuwa nazo kidogo, za chupa za plastiki tulizookota na kuuza mwaka mzima. Zilitosha mkono mmoja tu. Tukikosea, hakuna wa pili.

Ijumaa nililipima kopo moja kwa mizani ndogo ya mshale, ambayo baba aliiazima klabu. Gramu mia na ishirini. Nikaandika kwenye daftari la klabu na kupigia mstari.

Jumamosi mwalimu wa sayansi alitupeleka dukani, mimi na mwenyekiti wa klabu, mvulana wa darasa la saba tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake. Profesa alifika dirishani akaganda. Nyuma ya kioo palikuwa na mkono mweupe, unang'aa, una taa ya buluu begani, na ulikuwa ukipunga kama unatuita sisi.

"Ni huu," alinong'ona. "Tumemaliza."

"Hapana," nikasema. Sikuwa hata nimeingia ndani.

Mwenye duka alikuwa mcheshi, maneno yanamtoka kama maji. Aliuweka mkono mweupe juu ya kaunta akagonga boksi lake kwa kidole. "Nusu kilo, wanangu! Unabeba nusu kilo. Someni wenyewe, imeandikwa."

"Unabeba nusu kilo ukiwa umekunjwa au ukiwa umenyooka?" nikauliza.

Alimtazama mwalimu, kisha akacheka. "Binti, mkono ni mkono. Haya mambo ya mashine waachie wenzako wavulana."

"Hata gunia huandikwa kilo mia," nikamwambia, "na baba yangu akilipima linatoka tisini na mbili. Naomba tuupime."

Mwalimu alikohoa, ila nilimwona anatabasamu. Nilitoa mfukoni mawe mawili ya baba, la mia na la hamsini, nikayafunga kwenye kitambaa. Mkono ulipokuwa umekunjwa, vidole vyake viliyanyanyua bila shida. Mwenye duka akapanua mikono: "Si nilikwambia?" Nikamwomba aunyooshe wote, kama mtu anayefikia kitu mwisho wa meza. Ulitetemeka, taa ya buluu ikapepesa, bega likaanza kushuka polepole mpaka kitambaa kikagusa kaunta.

"Ni mawe yako mazito," alisema mwenye duka.

"Ni gramu mia na hamsini tu. Nusu kilo iko wapi?"

Profesa alinivuta mkono wa shati. "Unatuaibisha," alininong'oneza. "Mbona unamkaba mtu dukani kwake?"

"Aibu ni kurudi na mdoli unaopunga," nikamjibu kwa sauti ya kusikika.

Hapo ndipo nilipouona mwingine. Ulikuwa nyuma ya kaunta, umeundwa kwa vipande vya mbao nyembamba, skrubu zinaonekana, nyaya nje nje. Mwenye duka alikuwa ameutundikia kofia yake. Alisema huo ni wa kuunga mwenyewe, huuzwa vipande vipande ndani ya katoni, na bei yake ni nusu ya ule mweupe. "Lakini hamtaupenda," alisema. "Hauna sura."

"Toa kofia," nikasema. Kisha nikakumbuka adabu: "Tafadhali."

Tuliunyoosha wote na kuupa mawe yale yale. Ulilia kidogo, ukainama kama mtu mwenye mgongo unaouma, halafu ukayanyanyua. Mwalimu akaleta jaribio lake: aliufungia kalamu vidoleni akauamuru uguse nukta moja kwenye karatasi mara kumi. Ule mweupe ulitawanya nukta kama punje zilizomwagika. Wa mbao uliacha nukta kumi zilizobanana, ukubwa wa ukucha. Mwalimu akauliza mota ikiungua itakuwaje. Ya ule mweupe haikuuzwa peke yake. Za ule wa mbao zilikuwa zimejaa kwenye droo.

Tukaununua wa mbao pamoja na mota mbili za akiba. Profesa alibeba katoni hadi shuleni bila kunisemesha. Mimi nilitembea kifua mbele. Najua, nilikuwa na majivuno.

Tulichukua wiki mbili kuuunga. Tulikaza skrubu, tukafungua tulizozikosea, tukakaza tena. Hata Profesa akaanza kuupenda, ingawa hakukubali kusema. Siku nne kabla ya siku ya wazazi tuliuagiza ulinyanyue kopo la mwisho wa meza. Ulilishika, ukalia, ukainama. Ukalia tena. Kopo halikusogea.

"Mota imeungua?" mmoja akauliza.

Nililishika kopo mwenyewe. Lilikuwa la baridi, na zito. Asubuhi hiyo miche ilikuwa imemwagiliwa. Nililipima: gramu mia mbili na kumi. Ijumaa ile nilipopima, tulikuwa tumetoka likizo na udongo ulikuwa mkavu kama unga. Mimi, mtoto wa mtu anayetafuna punje kabla ya kupima, nilipima udongo mkavu!

Hakuna aliyekuwa ameona daftari zaidi yangu. Profesa akakuna kichwa akasema, "Basi siku hiyo tusimwagilie. Makopo makavu yatanyanyuka. Nani atajua?"

Wote walinitazama, wakisubiri neno langu. Na mimi, kwa mara ya kwanza, halikunitoka. Nilisema nina kazi nyumbani, nikaondoka.

Jioni baba alinikuta nimekaa na kisanduku cha mawe mapajani. "Leo mbona mpole?" akauliza. "Umekula nini?" Nikamweleza yote: dukani, kopo, udongo, na ule ushauri wa Profesa. Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

"Nani amepima vibaya?" aliuliza.

"Mimi."

"Wanajua?"

"Hapana."

"Hiyo hapana ni mbaya kuliko zote ulizowahi kusema," baba alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akaniwekea jiwe la mia mbili kiganjani. "Nyoosha mkono. Kaa hivyo." Nikanyoosha. Kabla hajamaliza kikombe chake cha chai bega lilikuwa linawaka moto. "Sasa kunja kiwiko, lilete karibu na kifua." Nikakunja, na lile jiwe likawa si kitu. Baba akalichukua, akaingia zake ndani.

Kesho yake nilisimama mbele ya klabu nzima na mwalimu. "Kosa ni langu," nikasema. "Nilipima makopo makavu nikaandika kana kwamba ndiyo uzito wao. Nilimtolea mwenye duka maneno mengi kuhusu vipimo, na changu kilikuwa cha uongo. Profesa, na kuhusu kutomwagilia: hapana. Sitaki chumba cha kuiba."

Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Kumbe nawe hukosea," alisema. Kisha akacheka, na wengine wakacheka, na mimi pia, maana nilistahili.

Nikawaonyesha jaribio la baba kwa jiwe la mia mbili. Mara moja tukaivuta meza hadi dirishani na kuyapanga makopo nusu duara karibu na mkono, ili kiwiko chake kibaki kimekunjwa. Nafasi ilitosha makopo matano tu badala ya manane. Tuliyamwagilia yote, tukaujaribu mkono mara ishirini, tukaandika kila jibu. Ukutani tukabandika karatasi yenye maandishi makubwa: GRAMU MIA MBILI NA HAMSINI, KARIBU. GRAMU MIA NA HAMSINI, MBALI. ZAIDI YA HAPO HAUBEBI.

Siku ya wazazi chumba kilijaa hadi mlangoni. Baba alisimama nyuma na sare yake ya ghala. Mwalimu mkuu alisoma karatasi yetu, akainua nyusi, akachukua jagi na kumwagilia kopo moja mwenyewe mpaka maji yakavuja chini. Tulilipima mbele yake: mia mbili na thelathini. Profesa akabonyeza kitufe. Mkono wa mbao ulilia, ukalishika kopo, ukalipeleka juani bila kumwaga hata tone. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu hakupiga. Alitoa mfukoni bunda lake la funguo, funguo za shule nzima, akaliweka ndani ya kopo. "Sasa unyanyue."

Profesa akanitazama.

"Hapana, mwalimu," nikasema.

"Nimesema unyanyue."

"Hauwezi, mwalimu. Uzito umezidi kipimo. Tukiulazimisha, mota itaungua. Ukitaka kutunyang'anya chumba kwa sababu hiyo, kichukue, lakini mimi sitasema unaweza kitu ambacho hauwezi." Sauti ilinitetemeka. Sikuinamisha macho.

Alinitazama muda ambao niliuona mrefu kama muhula mzima. "Muuzaji gani angeniambia hivyo?" akasema hatimaye, kama anajisemea mwenyewe. Akatoa lile bunda kwenye kopo, akachomoa ufunguo mmoja mdogo, akaufuta kwa kidole na kuurudisha peke yake juu ya udongo. "Na huu je?"

Nililiweka kopo kwenye mizani. "Mia mbili arobaini na mbili. Huo unabeba."

Mkono ulilia kuliko siku zote. Ukanyanyua kopo, ukageuka taratibu, ukaliweka mbele yangu. Niliuokota ufunguo. Ulikuwa na kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu: CHUMBA CHA MWISHO.

"Viti vyangu nitavitafutia mahali pengine," alisema mwalimu mkuu, akatoka na jagi lake mkononi. Profesa alipiga kelele mpaka miwani ikamdondoka.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, baba alitembea nami hadi karibu na ghala. Hapo akasimama.

"Wengi watakwambia uache ubishi," alisema. "Usiuache. Lakini sikiliza vizuri, mwanangu. Jiwe unalompimia mwenye duka, jipimie wewe kwanza. Ukishajipima hadharani na kusema kosa lako, hata mkubwa akikukaripia hutatetemeka."

"Nilitetemeka, baba."

"Niliona," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini hukupunguza gramu hata moja."

Kesho yake asubuhi nilifuta mawe kama kawaida. Shingoni nilikuwa nimevaa ufunguo kwenye uzi, na nilipomaliza mawe niliufuta nao pia.