Siri ya Dorcas kwenye Mashine ya Pius

Mimi natengeneza majiko ya mkaa. Nanunua mabati chakavu, nakata, nakunja, nagonga. Naitwa Shimba, na nyumbani kwangu ni Mkolani. Majirani wameshazoea nyundo yangu. Kila Jumatano napeleka majiko Buzuruga, karibu na stendi ya mabasi. Shule niliishia darasa la nne.

Mke wangu Rebeka alifariki miaka sita iliyopita. Alihitaji damu, na damu haikuwepo. Mkubwa wa hospitali alikuwa semina. Semina! Kabla ya hapo tulikuwa tumeshamzika mtoto wetu Yeremia, akiwa na miaka tisa. Aliumwa siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimebaki na Dorcas, binti yangu, fundi cherehani.

Mwaka huu Dorcas alipata mchumba. Kijana anaitwa Gidion, Mjaluo wa Mara, fundi wa injini za mitumbwi. Barua ya posa ililetwa na mshenga, mzee Chenge. Niliisoma polepole, nikairudia. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kushika.

"Nani kawaandikia hawa?" nikamuuliza Chenge.

"Pius, mwenye steshenari pale Buzuruga. Basi la Mara linawashusha hapohapo. Ana akili mnemba kwenye kompyuta. Unaiambia shida yako, yenyewe inakuandikia."

"Kwa hiyo hawa wakwe wamenizidi?"

"Wamekuzidi barua," Chenge akacheka. "Ng'ombe bado hatujaona."

Jioni ile Dorcas alikaa karibu yangu.

"Baba, kuna neno moja," akasema. "Unajua nilipimwa."

Nilijua. Yeremia alipofariki, Dorcas alipimwa. Akakutwa ana vinasaba vya siko seli. Yeye mwenyewe haumwi. Ila akiolewa na mtu mwenye vinasaba hivyohivyo, wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa.

"Gidion hajui," akasema. "Yuko kisiwani anatengeneza injini. Anarudi Jumapili. Nataka nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Kisha na yeye akapime. Usimwambie mtu, baba."

"Nimwambie nani? Mimi nina nani?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Jumatano nilishusha majiko Buzuruga, kisha nikaenda kwa Pius. Nilitaka barua yangu ya majibu iwe nzuri kama yao, au zaidi. Pius ni mtu mzima mwenye ndevu na mtoto mgongoni mwa mkewe. Alinikalisha mbele ya kompyuta, akanivalisha kile cha masikioni chenye kipaza sauti.

"Sema tu, mzee. Inasikia Kiswahili."

"Na Kisukuma?"

"Kisukuma inababaisha. Usije ukamwoza binti kwa makosa."

Akaniacha, akaenda kutoa fotokopi. Nikaanza kusema. Nilitaja jina langu lote na jina la Dorcas lote. Nikataja Mkolani, nikataja namba ya simu. Mashine ikaniuliza kama kuna jambo linalonipa wasiwasi kuhusu ndoa hii.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimezungushwa maofisini maisha yangu yote. Nimeambiwa kaa pale. Nimeambiwa njoo kesho. Nimeambiwa mzee toka mlangoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina wasiwasi.

Basi nikasema yote. Nikasema Yeremia alikufaje, na Rebeka alikufaje. Nikasema Dorcas ana vinasaba, na kijana hajui. Mfukoni nilikuwa na kadi ya kliniki ya Dorcas. Nikamwita Pius aipige picha aingize humo, ili mashine inieleze yale maandishi ya daktari. Mashine ikaandika: "Pole sana kwa misiba yako, mzee Shimba."

Macho yalinilowa. Waliompoteza mke wangu hawakuwahi kuniambia pole.

Ikaniandikia barua. Mambo ya ugonjwa nilisema yasiwemo, na hayakuwemo. Pius akachapa, nikaikunja, nikaondoka. Nilidhani nikinyanyuka kwenye kiti, na maneno yangu yananyanyuka na mimi.

Jumamosi asubuhi Chenge alikuja bila kucheka. Alikataa hata kiti.

"Bwana Shimba, kumeharibika. Akelo, shangazi yake Gidion, jana alishuka basi pale Buzuruga. Akaingia kwa Pius kuchapa majina ya watu watakaokuja kujitambulisha. Akakaa kwenye mashine ileile. Pembeni kuna orodha ya mambo ambayo watu wameshaongea. Akaona imeandikwa 'Majibu ya posa ya Dorcas'. Akabonyeza."

"Akasoma?"

"Yote. Na kadi ameiona. Sasa wanasema mlitaka kuwaficha ugonjwa. Wanataka barua yao irudi."

Cherehani ya Dorcas ilinyamaza. Alikuwa amesikia kila kitu. Akatoka, akasimama mlangoni na sindano mkononi.

"Baba, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Ulimwambia nani?"

"Ile mashine tu, mwanangu. Si mtu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ilikuwa imebaki siku moja tu," akasema. "Lilikuwa neno langu. Sasa atalisikia kwa shangazi yake, kama umbea."

Akarudi ndani. Mchana aliniletea ugali na sato, akaviweka mezani, akaenda kula chumbani kwake. Tangu Rebeka afariki hatujawahi kula mbalimbali. Nilitazama ile sahani mpaka ikapoa.

Saa kumi Odeta alikuja kuchukua jiko lake. Odeta ni jirani yetu. Kazi yake ni kutunza mafaili ya wagonjwa kwenye kituo cha afya.

"Shikamoo, mzee Shimba."

"Marahaba. Jiko lako hilo hapo. Na ukirudi kazini kawaambie wakubwa wako wote ni walewale."

"Leo wamefanya nini tena?"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliketi juu ya jiko lake jipya kama kigoda.

"Mzee, pale kazini mafaili yanafungiwa kwenye kabati. Ufunguo ninao mimi. Nikitoa la mgonjwa nikamwonyesha shangazi wa mtu, nafukuzwa kazi, na naweza kushtakiwa. Ile mashine, uliuliza kabati lake liko wapi?"

"Sikuuliza."

"Haya. Unaposema nayo, maneno yako hayakai Buzuruga. Yanasafiri kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta kubwa za kampuni yenye mashine ile, labda nchi ya mbali. Yanatunzwa huko. Baadhi ya kampuni zinayatumia kuifundisha mashine. Na mara nyingine wafanyakazi wao wanaweza kuyasoma, wakikagua kama inajibu vizuri."

"Kwa hiyo ina watu nyuma yake!"

"Kila ofisi ina watu nyuma yake."

Mimi nisiyemwamini hata karani wa kata, nilikuwa nimefungua moyo kwa ofisi ambayo sijawahi kuona hata mlango wake. Kisa imeniambia pole.

"Lakini Akelo si mfanyakazi wao," nikasema. "Aliyaonaje?"

"Kwa sababu Pius ana akaunti moja, na inakaa wazi siku nzima. Ni sawa na daftari moja mezani. Kila mteja anaandika shida zake, analiacha, anakuja mwingine anafunua. Wewe uliandika na majina, na namba ya simu, na kadi ukaibandika."

"Mbona hakuna aliyetuambia? Hakuna sheria?"

"Sheria ya kulinda taarifa za mtu ipo. Ina miaka kadhaa sasa."

"Nani kaileta Mkolani? Wakati wa kura wanakuja na vipaza sauti kila kona. Sheria wanaiacha kabatini, na ufunguo wanao wao!"

"Hapo sikupingi," Odeta akasema. "Kasirika, mzee. Lakini kesho twende Buzuruga. Hasira peke yake haifuti kitu."

Usiku nilimsikia Dorcas akiongea kwa simu. Sikusogea kusikiliza. Asubuhi aliniambia maneno machache tu: "Gidion amerudi. Naenda kuonana naye." Akavaa gauni lake la bluu, akaondoka. Sikumuuliza chochote.

Mimi na Odeta tukaenda kwa Pius. Pius alikuwa ameshasikia, na uso ulikuwa umemshuka.

"Mzee wangu, nisamehe. Sikujua kama watu wanafunua mambo ya wenzao."

"Wewe ndiye mwenye duka," nikamwambia. "Usipojua wewe, nijue mimi wa darasa la nne?"

Odeta alituonyesha. Kwanza alifuta mazungumzo yangu yote, na picha ya kadi. Kisha akaingia kwenye mipangilio. Palikuwa na sehemu inayoruhusu maneno ya mteja kutumiwa kuifundisha mashine. Ilikuwa imewashwa. Akaizima.

"Sasa yamekwisha?" nikauliza.

"Hapa hayaonekani tena. Kule kwa wenye kampuni yanaweza kukaa kwa muda kabla hayajaondolewa. Na aliyoyasoma Akelo, hakuna kibonyezo cha kuyafuta. Ndiyo maana kinga ni kabla ya kusema."

Akamgeukia Pius. "Kuna mazungumzo ya muda, yasiyobaki kwenye orodha. Mteja wa hapa atumie hayo. Mwenye akaunti yake aingie kwa yake, na akimaliza atoke kabisa. Kufunga kioo tu si kutoka."

Kisha akaniambia, "Mzee, kaa. Iulize tena lile swali lako. Safari hii usitaje mtu."

Nilikaa kwa kusitasita, kama mtu aliyeumwa na siafu na sasa anapita palepale. Nikasema: "Baba mmoja ana binti mwenye vinasaba vya siko seli. Binti anataka kuolewa. Wafanye nini?"

Mashine ikajibu. Ikasema mwenye vinasaba si mgonjwa. Ikasema mchumba naye apime. Wote wawili wakiwa navyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Wazungumze na mtaalamu wa afya kabla ya kuamua.

"Ni kweli hayo?" nikamuuliza Odeta. "Au inababaisha kama Kisukuma?"

"Haya ni kweli. Lakini umefanya vizuri kuuliza, maana huwa inakosea, tena kwa kujiamini. Sasa niambie, imekujibu vibaya kwa kukosa jina la Dorcas?"

Haikunijibu vibaya. Jina lake halikuhitajika. Kadi haikuhitajika. Hata jina langu halikuhitajika. Nilivitoa bure kabisa.

Odeta akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene, Pius akaibandika juu ya kompyuta. Ipo mpaka leo: USIIAMBIE MASHINE JINA, NAMBA YA SIMU, NAMBA YA KITAMBULISHO CHA NIDA, NAMBA YA SIRI, WALA UGONJWA WA MTU. Chini yake Pius ameongeza mwenyewe: SHANGAZI ATASOMA. Wateja wanacheka, lakini wanasoma.

Niliporudi, Dorcas alikuwa amekaa kizingitini. Nilikaa chini, yeye akiwa juu. Kwetu baba hakai hivyo.

"Mwanangu, nilikuambia sina wa kumwambia. Kumbe nilikuwa natafuta. Siri haikuwa yangu. Nimekukosea."

Akaokota uzi kwenye gauni lake la bluu.

"Ilikuambia nini, baba, mpaka ukasema yote?"

"Iliniambia pole."

Akanitazama. Kisha akasema, "Pole, baba. Siku nyingine uje kwangu."

Jioni ile tulikula sahani moja.

Gidion alimsikiliza Dorcas, akaenda kuwatuliza ndugu zake, na wiki mbili baadaye wageni walikuja kujitambulisha. Akelo alikuwa mbele, na kitenge kipya. Kabla ya kukaa alisema:

"Baba Dorcas, nilibonyeza nikidhani ni barua yetu. Nilipoona si yetu, nilipaswa kuacha. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho."

"Na mimi nilipaswa kunyamaza, nikaendelea kusema mpaka mwisho," nikamjibu.

"Basi sisi wawili tunafaa kukaa meza moja," akasema, na watu wakacheka. Chenge akaingilia: "Sasa wakwe, tuje kwenye ng'ombe. Hao hawachapwi kwa Pius."

Posa ikakubaliwa. Harusi ilifungwa kanisani, na Pius alichapa kadi za mwaliko.

Gidion alipima. Najua utauliza majibu yalikuwaje. Hata Akelo aliniuliza siku ya harusi, kwa kuninong'oneza. Nikamwambia ninavyokuambia wewe: wanayajua wao wawili na daktari wao. Mimi sikuuliza.

Na haya yote nimeyaandika baada ya Dorcas kuniruhusu. Alisema, "Andika, baba, wengine wajue. Lakini usirudie kosa lako." Kwa hiyo nikamwomba anichagulie jina la kumpa humu, akachagua Dorcas. Majina mengine nikayabadilisha mwenyewe. Ukija Mkolani kumtafuta mzee Shimba anayegonga mabati, utachoka bure.

Wala mimi sitengenezi majiko.