Msumari Mpya Sebuleni kwa Pasha

Asubuhi hiyo Wagida alikuwa kizingitini akichambua dengu, jua la Misri ya Juu bado halijakasirika, kaka yake Mitwalli alipokuja kumbembeleza tena. Shukri, mwana wa Wagida, aliokotwa maiti mferejini tangu msimu wa pamba, na polisi walikwisha sema kazama. Mama mtu akakataa rambirambi. Kwao huko, aliyeuawa hapokelewi pole mpaka muuaji atajwe. Ukinywa kahawa chungu ya msiba, umekubali yaishe.

Maneno ndiyo hayakuisha. Shukri alikuwa mchapishaji, na alichapa karatasi za kuuliza nani aliyewauzia askari baruti mbovu vitani. Basi kila gazeti likaja na lake: kauawa na Waingereza; kauawa na watu wa ikulu; alikuwa jasusi, kamalizwa na wenziwe. Uongo ulijaa mpaka ukweli ukakosa pa kukaa.

"Raghib Pasha mwenyewe anakuita ukanywe kahawa kwake," Mitwalli akanong'ona. "Dada, yule ndiye serikali hapa. Usituponze."

"Kwenda nitakwenda," Wagida akasema. "Kunywa ndiyo sijui."

Sebule ilijaa wakubwa wa mji. Pasha akampa pole kwa sauti ya asali, kahawa ikaletwa. Wagida alikuwa amevua viatu mlangoni kama alivyozoea. Alipopita juu ya zulia, unyayo wake ukakanyaga kitu kigumu. Akainama, akafunua.

Msumari. Mpya, unang'aa, umepigiliwa kati ya vigae.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Pale damu ya aliyeuawa ilipomwagika hupigiliwa msumari mpya, mzuka wake usiinuke ukalia. Pasha na elimu yake yote ya Ulaya, kumbe aliogopa kile kile alichoogopa bibi yake.

"Mwanangu si alizama mferejini, Pasha?" Wagida akauliza taratibu. "Huyu mliyempigilia hapa ni nani?"

Wakubwa wakatazama vikombe vyao. Mitwalli akamvuta nguo, akimsihi waondoke. Wagida akamsukuma. Akaushika msumari kwa vidole viwili.

Ulitoka bila nguvu. Kama kuna mtu chini anausukuma.

Kisha sauti. Ndogo. Ya Shukri.

"Usinipige tena, Pasha. Nina mama."

Kikombe kikamponyoka Pasha. Sauti ikarudia. Ikarudia tena. Watu wakakanyagana mlangoni. Wagida hakutoka. Alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu.

"Sema, mwanangu," akanong'ona. "Usinyamaze, hata wakipigilia ardhi yote."

Kulipokucha, milango ya nyumba ya Pasha ilikutwa imelala chini, na madirisha, na makabati. Nyumba nzima haikubaki na msumari. Pasha mwenyewe alikuwa amejikunyata sebuleni, akiwasimulia polisi bila kuulizwa jinsi alivyompiga Shukri kwa rungu mpaka akakata roho. Magazeti yakaandika kwamba karogwa na Waingereza. Waache waandike.

Wagida aliporudi na Mitwalli kufungua mlango wake, aliikuta misumari kizingitini, lundo zima, yote imenyooka, yote mipya. Hakuona nyayo za mtu. Akaivuka, akabandika kahawa motoni, akamgeukia Mitwalli.

"Waite watu," akasema. "Leo nina msiba."