Mada Iliyomtoa Twiga Darasani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Redio alifungua kibanda cha kushonea cha mama yake. Alifagia vipande vya vitambaa, akafuta vumbi kwenye cherehani, kisha akatimua mbio, huku akimsalimu kila aliyekutana naye na kumpa habari ambazo hakuziomba. Ndiyo maana wenzake wa darasa la saba walimwita Redio. Yeye hakuona ubaya, maana redio angalau husikilizwa.

Siku hiyo alikimbia akiwa na wasiwasi. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii alikuwa amewapa wiki nzima wachague mada za utafiti kuhusu mtaa wao. Redio alikuwa akisema kesho, kesho, na sasa siku ilikuwa imefika naye yu mikono mitupu.

Darasani kila mmoja alisimama kutaja mada yake. Mtoto wa kinyozi angechunguza takataka za sokoni. Pacha wa dawati la nyuma walichagua foleni ya maji bombani. Wote walipigiwa makofi.

"Haya, Redio, tufungulie stesheni," mwalimu alisema, na darasa likaangua kicheko.

"Mimi, mwalimu, nitachunguza historia ya biashara duniani."

"Dunia nzima! Utaimaliza lini, wakati wa mapumziko? Nataka kitu ulichokiona kwa macho yako. Kama huna, sema, nikuandikie sifuri tuendelee."

Wakati huohuo Twiga, rafiki yake mrefu kuliko wote darasani, alitokea mlangoni. Alikuwa amechelewa kama kawaida, na mikono ya sare yake ilikuwa imelowa. Maneno yakamtoka Redio kabla hajayafikiria.

"Nitachunguza wanafunzi wanaouguza wazazi! Kama yule anayechelewa kila siku kwa sababu lazima amwogeshe mama yake aliyepooza."

"Sasa hiyo ndiyo mada!" mwalimu alisema. Kisha akaona vichwa vyote vimegeukia mlangoni.

"Kumbe ndiyo sababu!" mmoja akanong'ona. Wengine wakacheka. Twiga aligeuka, akaondoka na mkoba wake.

Siri hiyo Twiga alikuwa amemwambia Redio peke yake. Mjomba wake alishasema kwamba akisikia mtoto anahangaika, atamhamishia kwake, mji wa mbali, na mama atapelekwa kwa ndugu mwingine. Kwa hiyo Twiga alikubali kuadhibiwa kwa uchelewaji bila kujitetea, ili asitenganishwe na mama yake. Redio alikuwa ameapa kufunga mdomo.

Kesho yake Twiga hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Mwalimu alimwita Redio pembeni.

"Alikupa ruhusa?"

Redio alitikisa kichwa.

"Na mimi nimekosa," mwalimu alisema kwa huzuni. "Nilifurahia mada, sikumtazama mtu."

Jioni Redio alimweleza mama yake yote. Mama aliacha kukanyaga cherehani.

"Yaani umemuuza mwenzako kwa alama?"

"Mama, sikukusudia..."

"Najua hukukusudia. Na yeye ameumia vilevile. Vaa viatu, twende."

Walibisha hodi nyumbani kwa kina Twiga, wakakaribishwa kwa sauti nzito, ya taratibu. Mama Twiga alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, mkono wa kushoto umelala mapajani. Twiga alikuwa akikunja nguo na kuzitia kwenye begi. Hakumtazama rafiki yake.

"Habari zimemfikia mjomba," alisema. "Anakuja keshokutwa kunichukua. Haya, furahi, umepata mada."

Redio, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alishindwa. "Nisamehe," ndilo neno pekee lililotoka, kisha akalia.

Mama yake alivuta kigoda, akakaa karibu na mgonjwa. "Dada yangu, miezi yote hii unaniagizia salamu kwa mtoto kwamba hujambo!"

"Niliona haya," mama Twiga akajibu.

"Haya ya nini? Kibanda changu si hapo kona tu? Asubuhi nitakuwa nakuja mimi kukuogesha, mtoto awahi shule. Na huyo kaka yako akija, atanikuta hapa."

Kweli, mjomba alipofika alimkuta mama yake Redio amekwisha kumvalisha mama Twiga nguo safi. Mwalimu naye alikuwepo. Walizungumza kwa muda mrefu. Mwanzoni mjomba alikataa katakata kumwacha Twiga, lakini dada yake alipomwambia kwa shida, "Usinitenge na mwanangu," aliinamisha kichwa. Mwishowe alilirudisha begi chumbani mwenyewe.

Wageni wengine walipoondoka, mama Twiga alimwita Redio.

"Mada yako imefikia wapi?"

"Nimeifuta, mama. Acha nipate sifuri."

"Mada ni nzuri. Wako wengi wanaougua majumbani, na watoto wao wanaadhibiwa bila kuulizwa. Kosa lako ni jinsi ulivyoingia. Ulipokuja na mama yako mlibisha hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi. Basi maisha ya mtu nayo ni nyumba yake, mwanangu. Bisha hodi, usubiri. Ukiambiwa karibu, ingia. Ukikataliwa, rudi kwenu kwa amani."

Redio alimgeukia Twiga, aliyekuwa akitoa nguo kwenye begi. Tangu siku ile darasani hawakuwa wamezungumza vizuri.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

Twiga alikunjua gauni, akalining'iniza kwenye msumari, akalinyoosha taratibu.

"Bado," akajibu. "Rudi kesho."

Redio aliitikia kwa kichwa, akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani kuisubiri kesho.