Nyonga Iliyolia Dansini

Foleni ya soseji nyeusi katika soko la Tammela, mjini Tampere, Jumamosi asubuhi, haina mkubwa wala mdogo. Profesa husimama nyuma ya fundi bomba, na wote hunusa moshi uleule. Virpi, aliyevaa koti la njano na kofia ya sufu ya kijani, alipofika mbele aliomba soseji na kahawa.

"Kahawa!" sauti nzito ilicheka nyuma yake. "Soseji hii ni ya maziwa baridi, dada. Wewe lazima umetoka Turku."

"Umejuaje?"

"Watu wa Turku tu ndio hukosea jambo lililo wazi."

"Na watu wa Tampere tu ndio husikiliza oda za wenzao."

Mwenye sauti aliitwa Ilkka, mwanamume wa miaka arobaini na sita, mabega mapana, pua iliyowahi kuvunjika. Ujanani alikuwa golikipa wa hoki ya barafu. Sasa aliendesha mashine ya kulainisha barafu katika uwanja uleule aliochezea. Alimnunulia Virpi maziwa, naye Virpi alipoyaonja alikubali kushindwa.

"Unacheza dansi ya tango?" Ilkka aliuliza.

"Vibaya."

"Basi njoo kwenye dansi ya kesho alasiri. Mimi nacheza vizuri, na nyonga yangu ya kushoto ni ya chuma."

Ukumbini, mwanamume humchukua mwanamke kwa nyimbo mbili, kisha humrudisha kwenye benchi lake. Ilkka alimrudisha Virpi na gauni lake jekundu la madoadoa, akavuta pumzi moja, akamwomba tena. Ikawa hivyo majira yote ya vuli, na simu za usiku juu yake.

"Umelala, dhahabu yangu?"

"Ningekuwa nimelala, ungekuwa unaongea na nani?"

Kazini, Virpi alichambua rekodi za hospitali za nchi nzima zilizokwisha kuondolewa majina: mgonjwa aliwekewa kiungo gani, alipewa dawa gani, alirudi lini kupasuliwa upya. Madaktari waliziandika kwa ajili ya tiba tu, lakini zikisomwa maelfu kwa pamoja husema jambo ambalo daktari mmoja hawezi kuliona. Mwezi wa Novemba zilisema kwamba nyonga za bandia ambamo chuma husugua chuma zilikuwa zikiharibika mapema mno, na kumwaga vumbi la chuma mwilini. Matokeo yalifanywa siri. Mpaka wakaguzi wa makala ya utafiti huo wayapitie, kila aliyeyajua alikuwa amekula kiapo cha kunyamaza.

Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo, nyonga ya Ilkka ililia kama bawaba ya mlango.

"Umesikia? Inaimba!" alisema akicheka.

"Ni nyonga ya namna gani hiyo?"

"Chuma kwa chuma. Daktari aliapa itadumu kuliko mimi mwenyewe."

Virpi alimvuta kuelekea benchi. "Tukae kidogo."

"Wimbo haujaisha, mpenzi."

"Nenda ukapimwe damu, Ilkka."

"Kwa nini?"

"Nenda tu."

Mara taa nyekundu ikawaka: zamu ya wanawake kuchagua. Wanawake wakainuka. Virpi hakuinuka; angewezaje kumvuta uwanjani akijua kila hatua inasaga nini? Alikaa amekumbatia mkoba, na watu wakaona. Mjane mmoja alimchukua Ilkka, naye akacheza akimtazama Virpi juu ya bega la mama yule.

Nje, kwenye theluji, Ilkka hakungoja.

"Unaona haya kucheza na kilema?"

"Sivyo kabisa!"

"Basi ni nini? Ngoja. Wewe si unasoma mafaili ya watu? Umenichungulia! Au ulinijua humo hata kabla ya sokoni? Mimi ni utafiti wako, Virpi?"

"Humo hamna majina, Ilkka."

"Basi niambie kwa nini nipimwe."

Virpi alirudia tu: "Nenda ukapimwe." Ilkka akaondoka bila kuvaa glavu.

Kesho yake Virpi alikaa mbele ya kompyuta. Mwaka wa kuzaliwa, hospitali, mwaka wa upasuaji: vilitosha kumpata. Aliondoa mkono kwenye kibodi, kwa maana kuchungulia hivyo kungekuwa wizi. Akaenda kugonga mlango wa mkuu wake, Profesa Kyllikki.

"Hospitali ziambiwe leo. Makala yangoje."

"Una mtu wako mwenye nyonga hiyo?"

"Ninaye. Lakini wako maelfu, nao wana watu wao."

"Ukivunja kiapo, kiti chako kimekwenda."

"Sivunji, ndiyo maana nimekuja kwako. Ila ukinyamaza, kiti nakirudisha mwenyewe."

Profesa alivua miwani. "Wiki nzima ninajigombeza mwenyewe. Nilihitaji mtu wa kunisaidia. Nipe simu niwaamshe hao wakaguzi."

Januari, simu ya Virpi ililia.

"Ni mimi," Ilkka alisema. "Niko hospitali. Wametuita wote wenye chuma kwa chuma. Ukumbi umejaa! Kuna mpaka padri."

"Umepimwa?"

"Nimepimwa. Chuma kimezidi katika damu. Watanibadilishia mwezi ujao. Nesi anasema kuna watafiti waliokuwa wameapishwa kunyamaza, nao wakakataa kusubiri. Ulikuwa ukijua, na kinywa kimefungwa."

"Ndiyo."

"Nami nikakuita mchunguliaji. Mimi ni mpumbavu, Virpi."

"Mpumbavu wa Tampere," Virpi alisema, akilia na kucheka. "Ndio wabaya zaidi."

Alipasuliwa mwishoni mwa Februari. Tarehe ishirini na tisa, siku ambayo huja mara moja kwa miaka minne na ambayo mwanamke wa Kifini huruhusiwa kuposa, Virpi alimkuta kwenye korido akijifunza kutembea kwa magongo, amevaa pajama fupi la hospitali.

"Ilkka, utanioa?"

Nesi alisimama. Bibi wawili waliokuwa mazoezini walisimama pia.

"Nikikataa?"

"Desturi unaijua. Utaninunulia kitambaa cha sketi. Na iwe hariri."

"Rangi gani?"

"Ilkka!"

"Mjibu mwenzio!" bibi mmoja alifoka. "Mimi nimesimama kwa mguu mmoja hapa!"

Ilkka aliegemeza gongo moja ukutani, akamshika Virpi kiuno. "Nitakuoa, dhahabu yangu. Na kitambaa nitanunua vilevile. Sitaki mke wangu akose sketi ya kuzungukia."

Virpi alimbusu, na gongo likaanguka kwa kishindo kilichosikika korido nzima.

"Bwana harusi!" nesi alipiga kelele. "Shika gongo!"