Glavu za Mama

Kila jioni mama alirudi kutoka kiwandani akiwa hoi, akavua viatu mlangoni na kumkabidhi bintiye glavu nyeupe za kitambaa. Binti mwenyewe, mwenye miaka kumi na miwili, aliitwa Chiriku kwa kuwa haishiwi maneno. Kazi yake ilikuwa kuzifua glavu hizo kwa sabuni isiyo na manukato, katika beseni lisilotumika kwa kitu kingine.

Mama alitengeneza vipande vya mashine zinazozalisha umeme kwa gesi. Aliweka utando mwembamba katikati ya fremu mbili, akazungushia gundi pembeni, kisha akavibana kwa mashine ya moto. Gesi haikutakiwa kupenya hata kidogo, na gundi ile haishiki penye mafuta.

Jumatano Chiriku naye alichoka. Alikuwa ametoka shule, akateka maji, akamsuka mdogo wake nywele. Glavu alizikung'uta tu, akazikunja kwa vidole vilivyojaa mafuta ya nywele.

"Umezifua?" mama aliuliza, macho yamejaa usingizi.

"Nimefua, mama."

Alhamisi mama aliketi bila hata kuvua viatu.

"Vipande thelathini vimevuja," alisema. "Tumevizamisha majini, viputo vikatoka pale pale ninaposhika. Msimamizi anasema mikono yangu imechoka. Kuanzia Jumatatu nitafunga maboksi." Alivitazama vidole vyake. "Labda kweli. Miaka tisa si mchezo."

Chiriku alirudisha tonge sahanini.

"Wewe mbona kimya? Betri zimekwisha?" mama alimtania, ingawa sauti yenyewe haikuwa na utani.

Chiriku akaanza kulia. "Mama, sikuzifua. Nilizikunja nikiwa na mafuta mikononi."

Mama alivua viatu, kimoja kimoja. "Kesho utamwambia msimamizi mwenyewe," alisema mwishowe. "Mimi sina nguvu."

Asubuhi kiwandani, kabla ya shule, msimamizi alimsikiliza Chiriku bila kutabasamu. Kisha akampa mama glavu mpya. Mama aliunganisha kipande kimoja, wakakizamisha kwenye tangi na kukisukumia hewa. Wote watatu waliinama kutazama. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Utabaki kwenye meza yako, dada," msimamizi alisema. "Vile thelathini ndiyo basi tena, vinatupwa."

Mama alimsindikiza Chiriku hadi getini, akasimama. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi huchoka. Ungesema hujafua, ningefua mwenyewe. Lakini ulisema umefua, nikakuamini wewe, nikaacha kuiamini mikono yangu."

Chiriku aliushika mkono wa mama.

Jioni mama alimkuta ameketi kando ya beseni, glavu zile za zamani mapajani.

"Umezifua?"

"Bado, mama. Nimechoka, napumzika kidogo."

"Haya," mama alisema, akaketi kando yake akavua viatu. "Tupumzike, halafu tutafua wote."