Maji ya Pango la Mgwashi

Haya yalimkuta rafiki yangu Clemence, fundi wa maabara.

Wakubwa zake walikuwa wakisaka chembe nzito kuliko zote zinazojulikana, kwa mashine inayopima uzito wa chembe mojamoja. Wakamtuma Clemence kijijini Mgwashi akachote maji ya pangoni, yaliyokaa gizani miaka na miaka, wakitumaini chembe hizo zimetuama humo. Mama Yusta, mwenye shamba lenye pango hilo, alimwonyesha mlango wake, yeye akabaki nje.

Ulikuwa mchana, lakini ndani giza totoro. Clemence akasikia sauti kama ya koo linalomeza, polepole, bila kupumzika. Akajiambia ni maji tu. Akasuuza dumu mara tatu kama inavyotakiwa, akalijaza lita tano, kisha kwa kiu akanywa viganja viwili. Yalikuwa ya vuguvugu, yakivutika kama uteute wa bamia.

“Umeyanywa, mwanangu?” Mama Yusta alimuuliza alipotoka.

“Kidogo tu, mama.”

Mama akatema mate pembeni, akaondoka bila kuaga.

Baada ya wiki mkubwa wake alimwita. “Clemence, nilikutuma maji. Vipimo vya maabara vinasema haya ni mate ya mtu.”

Clemence akaenda kulitoa lile dumu kwenye friji ili ayamwage yale maji. Lilikuwa bado na joto la kinywa.